Njia fupi si wizi

Ndugu msomaji, mazungumzo haya yalisomwa redioni mwanzoni mwa juma. Baadhi ya wasikilizaji wameomba yachapishwe, kwa sababu tarakimu zikisomwa hewani hupita kama upepo, na asiyekuwa na kalamu mkononi huachwa nyuma. Gazetini tarakimu hutulia. Basi chukua kalamu, tuanze safari.

Mbalizi ni mji mdogo kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, mwendo mfupi tu magharibi ya jiji la Mbeya. Malori yaendayo Tunduma hupita hapo usiku na mchana, na abiria wa uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, huupitia mji huo bila kushuka. Mimi nilishuka. Nilitaka maharage ya kupeleka nyumbani, nikaingia sokoni, nikasimama mbele ya mama mmoja aliyekuwa amepanga sado zake vizuri. Nyuma yake, juu ya gunia, alikaa binti yake na daftari mapajani.

"Shikamoo mzee," akasema binti.

"Marahaba, mwanangu. Unasoma nini sokoni?"

"Hesabu, mzee. Nimepewa sifuri."

Nikaomba niione hiyo sifuri. Binti yuko Kidato cha Tano, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati, na alikuwa nyumbani kwa likizo. Swali lilikuwa hili: gawanya x³ − 6x² + 11x − 6 kwa x − 2. Jibu lake lilikuwa x² − 4x + 3, bila baki. Jibu hilo ni sahihi kabisa. Lakini badala ya ukurasa mzima wa kazi, alikuwa ameandika mistari mitatu tu ya tarakimu. Kalamu nyekundu ilikuwa imepita juu yake, na pembeni pameandikwa: "Njia gani hii? Umenakili."

Mama akaacha kupima maharage. "Mzee, wewe unaonekana umesoma," akasema. "Shuleni wanasema mtoto huyu ahame, aende kwenye masomo ya sanaa, hesabu atapata taabu. Mimi hesabu yangu ni ya debe na sado. Hebu niambie, mwanangu ni mwizi?"

Ndugu zangu, sikumjibu papo hapo. Kwanza ni kwa sababu swali lile lilinikuta mahali penye kidonda. Miaka mingi iliyopita, katika shule moja ya nyanda hizi hizi, nami nilisimamishwa mbele ya darasa kwa kosa la kupata jibu kwa njia ambayo haikuwa ubaoni. Pili, nilitaka kwanza nijue kama binti anaijua njia ile, au ameibeba tu kama mtu abebavyo mzigo wa mwenzake asijue ndani mna nini.

Kabla ya kuwaeleza nilichogundua, tuelezane jambo lenyewe. Kuna wasomaji watakaosema hesabu za x ni za wataalamu, haziwahusu. Si kweli. Chukua debe 276 za mahindi uwagawie wachuuzi 12. Kila mmoja atapata debe 23. Hesabu hiyo mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Sasa tazama: 276 ni mamia 2, makumi 7 na mamoja 6. Nayo 12 ni kumi 1 na mamoja 2. Mahali pa kumi weka herufi x. Ile 276 inakuwa 2x² + 7x + 6, na 12 inakuwa x + 2. Ukigawanya unapata 2x + 3, yaani makumi 2 na mamoja 3, ile ile 23 ya wachuuzi wetu. Hizo ndizo polinomia. Ni hesabu za soko, ila kumi imevaa kofia ili iweze kuwa namba yoyote.

Mashuleni kugawanya huku hufundishwa kwa njia ndefu. Unaandika x kwa vipeo vyake vyote, unazidisha, unatoa, unashusha, unazidisha tena, unatoa tena. Ni njia nzuri na ya uhakika. Lakini kila mara unapotoa, alama za kujumlisha na kutoa hubadilika, na hapo ndipo vijana wengi huteleza.

Njia fupi inasema hivi: nafasi ya kila namba inajulikana, kwa hiyo hakuna haja ya kuandika x. Andika vizigeu peke yake, yaani zile namba zilizo mbele ya x. Kwa swali la binti yule ni 1, −6, 11, −6. Kwa kuwa tunagawanya kwa x − 2, namba ya kufanyia kazi ni 2. Shusha 1. Zidisha kwa 2, upate 2. Jumlisha na −6, upate −4. Zidisha kwa 2, upate −8; jumlisha na 11, upate 3. Zidisha kwa 2, upate 6. Jumlisha na −6, upate 0. Kwisha. Zile 1, −4 na 3 ndizo jibu, x² − 4x + 3, na ile 0 ya mwisho ndiyo baki. Kutoa kumegeuka kujumlisha, kwa sababu tumechukua 2 badala ya −2.

Je, njia hii ni ya nani? Hapa, ndugu msomaji, ndipo historia inapokuwa tamu.

Tuanzie Baghdad, yapata mwaka 820. Al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho jina lake ndilo lililotupa neno aljebra. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu mirathi: marehemu ameacha mali, ana wake, watoto na deni, kila mmoja apate nini? Wazee wetu wa Unguja, Lamu na Kilwa wanaielewa taabu hiyo vizuri. Kwa hiyo aljebra tangu utoto wake ilikuwa na kazi ya kugawanya kwa haki. Lakini Al-Khwarizmi aliandika kila kitu kwa maneno. Hakuwa na x, wala alama ya kujumlisha.

Zaidi ya miaka mia tatu baadaye, katika mji huo huo, alizaliwa kijana aitwaye Al-Samawal, yapata mwaka 1130. Kijana huyu alipenda hesabu mno, hata akafika mahali ambapo hakupata wa kumfundisha zaidi, akalazimika kusoma vitabu peke yake. Akiwa na umri wa miaka 19 tu, umri ambao vijana wetu wengi wako Kidato cha Sita, aliandika kitabu chake cha aljebra, Al-Bahir. Humo, akiendeleza kazi ya Al-Karaji aliyemtangulia, alifanya jambo rahisi lenye maana kubwa. Alichora jedwali. Kila kipeo akakipa safu yake, halafu ndani ya safu akaandika vizigeu tu. Akagawanya polinomia kama mtu agawanyavyo namba za kawaida. Na pale ambapo kipeo fulani hakikuwepo, hakuiruka safu. Aliweka sifuri. Ishike hiyo sifuri, msomaji, tutaihitaji tukirudi Mbalizi.

Mbali zaidi, China, Jia Xian alikuwa amekwisha kupata katika karne ya 11 utaratibu wa kuzidisha na kujumlisha hatua kwa hatua ili kupata vipeuo vya namba. Mwaka 1247 Qin Jiushao akaandika kitabu kilichoutumia utaratibu wa aina hiyo kutatua milinganyo mikubwa, mmoja wao ukiwa na kipeo cha 10. Wachina walifanya kazi hiyo kwa vijiti vilivyopangwa juu ya ubao, kila kijiti mahali pake.

Ulaya ilichelewa kidogo. Mwaka 1637 Descartes, Mfaransa, alieleza kwamba ukijua jibu moja la mlinganyo, tuseme 2, basi x − 2 itaugawanya bila baki, na mlinganyo utapungua ukubwa. Ndiyo faida ya kazi ya binti wa Mbalizi: ule mlinganyo mgumu wa kipeo cha tatu ukigawanywa unabaki x² − 4x + 3, ambao ni x − 1 mara x − 3. Majibu yote matatu, 1, 2 na 3, yako mezani.

Mwaka 1804 akatokea Paolo Ruffini wa Modena, Italia. Huyu alikuwa mwanahisabati na pia daktari. Wagonjwa wa homa kali ya mlipuko wa mwaka 1817 aliwatibu kwa mikono yake mpaka yeye mwenyewe akaambukizwa. Ruffini alichapisha utaratibu wa kukaribia majibu ya milinganyo, na ndani yake umo mgawanyo huu mfupi. Halafu tarehe 1 Julai 1819 kazi ya William George Horner ilisomwa mbele ya wanasayansi wakuu wa Uingereza, London. Horner hakuwa profesa. Alikuwa mwalimu mwenye shule yake katika mji wa Bath. Mwaka uliofuata fundi saa mmoja wa London, Theophilus Holdred, naye akachapisha njia iliyofanana nayo, aliyosema ameipata mwenyewe.

Basi hapo zikazuka hoja za nani wa kwanza. Waingereza, wakiongozwa na mtaalamu Augustus De Morgan, walieneza jina la Horner, na jina hilo likaingia vitabuni. Waitalia na jirani zao husema njia ya Ruffini. Al-Samawal na Jia Xian hawakutajwa. Hayo ni ya kawaida duniani: anayechapa kitabu ndiye anayetoa majina.

Lakini hebu tazama orodha yenyewe. Kijana wa miaka 19 wa Baghdad. Wachina na vijiti vyao. Daktari wa Modena. Mwalimu wa shule ya Bath. Fundi saa wa London. Karne zimepita kati yao, bahari zimewatenga, na bado mikono yao imefika mahali pamoja. Je, walinakili wote? La hasha. Njia iliyo fupi na ya kweli inafanana na kijia cha kwenda mtoni: watu wa vijiji mbalimbali watakikanyaga bila kuulizana, kwa sababu mto uko pale pale. Na hata leo kijia hicho hakijaota nyasi. Mwaka 1966 mwanahisabati Victor Pan alithibitisha kwamba kwa polinomia ya kawaida, isiyoandaliwa kwanza, hakuna utaratibu unaotumia kuzidisha mara chache kuliko huu. Kwa hiyo programu za kompyuta bado zinauendea.

Sasa turudi sokoni. Nilimwambia binti, "Jibu lako ni sahihi. Haya, nigawanyie hii: x³ − 7x + 6, kwa x − 2."

Akachukua kalamu upesi, kwa furaha. Akaandika 1, −7, 6. Akashusha 1. Akazidisha, akajumlisha, akapata −5. Akazidisha, akajumlisha, akapata −4. Akasema, "Jibu ni x − 5, baki −4."

Nikamwuliza, "Kipeo cha tatu ukikigawanya kwa kipeo cha kwanza, unabaki na kipeo cha ngapi?"

"Cha pili, mzee." Akalitazama jibu lake. Halikuwa na x².

Nikaongeza, "Weka 2 mahali pa x katika swali lenyewe." Akahesabu: 8, toa 14, jumlisha 6. Sifuri. Na baki la kugawanya kwa x − 2 ni lazima lilingane na namba hiyo. Lake lilikuwa −4.

Akanyamaza. Mama yake naye akanyamaza, sado mkononi. Kisha binti akashika kichwa. "Nimeruka x²! Haipo kwenye swali, nami nikairuka!" Akaandika upya: 1, 0, −7, 6. Akapata 1, 2, −3, na baki 0. Jibu ni x² + 2x − 3. Barabara.

Ndugu msomaji, umeiona ile sifuri ya Al-Samawal? Safu tupu haiachwi wazi. Neno lenyewe sifuri ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni utupu. Nusu, robo, thuluthi, sita, saba, tisa, hesabu, sifuri: maneno haya yametufikia kwa njia moja, nasi tunayatumia sokoni kila siku bila kujua kwamba tumebeba historia mdomoni.

Kwa hiyo ukweli ulikuwa na pande mbili. Binti hakunakili, njia aliionyeshwa na kaka yake, akaijaribu, ikampa jibu. Lakini alikuwa hajaijua mizizi yake, na swali dogo tu lilimwangusha. Tena njia hii ina mipaka. Ni ya kugawanya kwa x toa namba, au x jumlisha namba. Ukipewa 2x − 1, hapana budi utumie nusu, kisha jibu uligawanye kwa 2. Ukipewa x² + 1, njia hii kama ilivyo haifai, utarudi kwenye njia ndefu. Asiyejua mipaka hiyo ataitumia popote, kama mtu aliyepata nyundo akaanza kupigilia hata vikombe.

Ndiyo maana sitaki kumlaumu mwalimu peke yake. Mwalimu ana darasa kubwa, madaftari rundo, na muhtasari wa kumaliza kabla ya mtihani. Akiona mistari mitatu isiyo na maelezo, ana haki ya kuuliza. Isitoshe, mtoto amefundishwa hesabu kwa Kiswahili tangu Darasa la Kwanza, kama ilivyoamuliwa mwaka 1967, kisha akifika sekondari anazikuta kwa Kiingereza. Mara nyingi anashindwa kueleza alichofanya, si kwa kuwa hakijui, bali kwa kuwa hana maneno.

Wala ufupi na upya si dawa ya kila ugonjwa. Kuanzia mwaka 1962 wataalamu walikutana Entebbe, Uganda, wakatunga vitabu vya hisabati mpya kwa ajili ya shule za Afrika. Nia ilikuwa njema. Lakini walimu wengi walipewa vitabu kabla ya kupewa maarifa, wazazi hawakuelewa kitu, na nchini Kenya mwaka 1981 serikali iliamuru hisabati hiyo iachwe. Njia mpya bila mwalimu anayeielewa ni taa bila mafuta.

Hata hivyo, kuuliza ni jambo moja na kuhukumu ni jingine. Maneno "umenakili" ni hukumu. Barabara ile ile ipitayo Mbalizi, ukiifuata kuelekea mashariki, inakufikisha Iringa, na Iringa kuna kisa ambacho kila mwalimu wa nchi hii angepaswa kukijua. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, akiwa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa haraka ya kuwahi nafasi kwenye jokofu aliingiza maziwa yake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa. Akauliza kwa nini. Akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akajibiwa kwa kejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Toka hapo, hata alipokosea hesabu, darasa lilimcheka kwamba hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Kisha akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam, Dokta Denis Osborne. Mpemba akasimama mbele ya wenzake wanaomcheka, akauliza swali lile lile. Osborne hakucheka. Aliahidi kulijaribu, na akalijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza, na mpaka leo jina la Mpemba linatajwa dunia nzima. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu jambo lenyewe, hata kama linatokea kila mara au la. Hiyo ndiyo sayansi. Kilichomwokoa Mpemba si kwamba alikuwa sahihi asilimia mia. Alipata mtu mmoja aliyesema: tujaribu tuone.

Leo pale Mkwawa pana chuo kikuu kishiriki cha elimu, kinachofundisha walimu. Naomba walimu wanaopita hapo wakumbuke walipokanyaga.

Basi nikamgeukia mama. Nilimwambia, "Mama, mwanao si mwizi. Ametumia mali ya urithi, na urithi huu ni wa wote. Ila mrithi hana budi kujua mipaka ya shamba. Asihame masomo. Akirudi shule aandike hesabu ile kwa njia ndefu upande huu, na kwa njia fupi upande ule, na chini aweke uthibitisho. Ampelekee mwalimu kwa heshima, amwombe amwulize swali lolote."

Mama akauliza, "Na mwalimu akikataa?"

Swali hilo, ndugu msomaji, sina uwezo wa kulijibu mimi. Watakaolijibu ni walimu wenyewe, madarasani. Kila mwaka matokeo ya mitihani yakitangazwa tunalalamika kwamba Hisabati iko mkiani. Tunataja vitabu, madawati na uhaba wa walimu, na yote hayo ni kweli. Lakini kuna jambo ambalo halihitaji bajeti. Kabla ya kuchora mstari mwekundu, mwalimu amwulize mtoto: umepataje? Ikiwa amenakili, atakwama kwenye hatua ya pili. Ikiwa ameelewa, darasa zima litafaidika. Na ikiwa ameelewa nusu, kama binti yule, swali moja litamwonyesha sifuri aliyoiruka.

Binti alikwisha kufungua ukurasa mpya. Juu yake aliandika 1, 0, −7, 6, na ile sifuri akaizungushia duara. Mama akanipimia maharage, akaongeza konzi moja juu ya sado, nami nikaenda kusubiri basi.